Ukili wa Mtani

Bi Sikudhani aliushusha msala sakafuni polepole, kama mtu anayemlaza mtoto asimwamshe, kisha akasimama mbele yake bila kuukanyaga.

"Ukanyage basi!" akasema Bi Chiku kutoka penye dirisha. "Au unangoja uinuke ukukanyage wewe?"

"Kelele, Mnyamwezi. Wenye dini tunaanza na bismillahi."

"Na mimi sina dini? Dini ninayo, na haraka ninayo pia."

Wanawake waliokuwa wakisuka ukumbini wakacheka, kili zao, zile tepe za ukindu zinazoshonwa kuwa mkeka, zimewaning'inia magotini. Ndivyo ilivyokuwa Nyumba ya Mikono ya Korogwe: kicheko kilitangulia salamu, ingawa wote waliofika pale walikuwa watu wa maumivu. Vidonge vilikuwa vimeshazoeleka miilini mwa watu kama chumvi kwenye mchuzi. Mtu alimeza kiganja kizima na mgongo ukamcheka. Basi ukienda kwa daktari zama hizo hukutoka na pakiti, ulitoka na kazi. Huyu aliambiwa achonge, yule afinyange, mwingine apake rangi kuta za stesheni ya treni ya sumaku. Bi Sikudhani, ambaye mgongo wake uliharibiwa na mashine ya korona, ile ya kuchakata mkonge, tangu ujanani, aliambiwa asuke.

Akasuka. Hakutaka jamvi la wageni wala mkeka wa kulalia. Alitaka msala. Tangu mgongo ulipogoma alikuwa akiswali juu ya kiti, anainamisha kichwa kidogo tu, wala hakuna aliyemlaumu, maana mgonjwa ana ruhusa yake. Lakini ruhusa ni kitu kimoja na hamu ni kitu kingine. Bi Sikudhani alikuwa na hamu ya ardhi. Alitaka paji lake la uso liguse chini kwa hiari yake, kabla halijawekwa huko na watu wengine.

Msala wenyewe ulikuwa mweusi na mweupe, kazi ya adabu, isipokuwa ukili mmoja wa pembeni. Huo ulikuwa na kisa chake. Jana yake Bi Sikudhani alitoka kwenda kutawadha, na aliporudi akakuta ukili wake wa mwisho umefumuliwa. Mahali pake palishonwa mwingine, wa zambarau na kijani, umepinda kama njia ya ng'ombe. Bi Chiku alikuwa amekaa kando, shazia, ile sindano ya kushonea mikeka, mkononi, macho ameyatupa darini.

"Nani kaniharibia msala wangu?"

"Mtani wako kakupa zawadi. Irudishe kama unaweza."

Hakuweza. Babu zake Bi Chiku walikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Kitu alichokutilia mtani hukitoi. Unacheka, unavizia siku yako. Bi Chiku mwenyewe hakuwa na kazi pale Nyumba ya Mikono. Hakuwa na cheti, hakuwa mgonjwa. Alisema anakuja kumsindikiza shoga yake na kuwachekesha wenye shida zao. Huo ukili aliusukia nyumbani kwake, kwa mabaki ya ukindu aliyoyaokota pale ukumbini sakafuni.

Sasa Bi Sikudhani akatanguliza mguu wa kulia. Ukindu ukampokea. Ubaridi ukapanda kutoka nyayo, ukaingia kwenye uti wa mgongo pingili baada ya pingili, na kila ulipofika pakanyamaza. Akanuia, akafunga swala. Alipoinama kurukuu, mgongo ulikunjika kama mlango uliotiwa mafuta. Ukumbi mzima ukaacha kusuka. Akashuka: magoti, viganja, pua, paji. Harufu ya ukindu ikamjaa kifuani. Akamsabihi Mola wake mara tatu, akaona hazimtoshi, akaongeza, akaongeza tena, na machozi yakadondokea ule upande wa zambarau na kijani.

Alipotaka kuinuka, goti la kushoto likamchoma kama limepigwa msumari, na vidole vyote kumi vikawaka moto.

Bi Sikudhani alikuwa na mgongo. Hakuwahi kuwa na goti. Alimaliza swala yake kwa utulivu, akatoa salamu kulia na kushoto, ndipo akauliza, "Lahaula! Hili goti la nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na Bi Chiku akacheka kuliko wote.

*

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgongo umepona, nimepewa goti. Nyinyi siku hizi mnabadilishana viungo kama sufuria za shughuli?"

Daktari Nakijwa, binti wa Kipare mwenye macho ya upole na kucha zenye madoa ya udongo, maana yeye naye alikuwa mfinyanzi, hakucheka. Aliutandaza msala juu ya meza ya kioo. Chini yake taa ikawaka, na juu ya kila ukili mwanga ukaanza kutambaa kama siafu.

"Tazama, bibi. Huu mwanga mweupe ni wewe."

Bi Sikudhani akainama kutazama. Mwanga ulikuwa unakwenda taratibu, unapanda na kushuka, kama pumzi ya mtu aliyelala.

"Ukindu wa kawaida ni jani tu," daktari akaendelea. "Huu wetu ni ukindu msikivu, umeoteshwa uwe na masikio. Mtu anaposuka, unamsikiliza kupitia vidole: mapigo ya moyo, mishipa inavyotetemeka, wapi panauma. Na wakati huohuo unamwachia chembe kwenye ngozi, ndogo kuliko vumbi la unga. Kazi ikiisha, ile mikono na ule mkeka havitengani tena. Mkeka unachota maumivu yako, unayachanganya na ule utulivu uliokuwa nao ulipokuwa unasuka, unakurudishia yakiwa yamepoa."

"Hayo nilielezwa."

"Ulielezwa pia kila mtu na kazi yake."

"Na kazi ni yangu! Ukili mmoja wa kusaidiwa si kazi, mwanangu, ni wema tu. Nani anamaliza mkeka peke yake kama mchawi?"

Daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyeona shimo pale alipokuwa akipita kila siku. Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya wachoraji na wachongaji, watu wa kazi ya mkono mmoja. Hakuna aliyekumbuka kwamba mkeka hushonwa kwa kili, na kili huweza kutoka mikono tofauti.

Akagusa ule ukili wa pembeni. Hapo mwanga haukutambaa. Ulikuwa unarukaruka, mwekundu, unajigonga pembeni kama nzi ndani ya chupa.

"Sitasema ni nani, kwa sababu siri ya mwili wa mtu haisemwi na daktari. Lakini huyu mtu, bibi, anaumwa sana. Viungo vyote. Kuliko wewe ulivyowahi kuumwa." Akainua macho kutoka mezani. "Mmekuwa mitungi miwili iliyounganishwa kwa mrija. Wenye maji mengi unamwagia wenye machache. Kila unapoweka paji chini, unamchotea maumivu yake, yanapita kwako. Na unasujudu swala tano."

"Yeye anajua?"

"Anajua kwamba amepata nafuu. Hajui imetoka wapi."

Bi Sikudhani aliitazama ile zambarau. Hakuhitaji kutajiwa jina.

"Ukindu utakomaa Ijumaa jua likizama," daktari akasema. "Kabla ya hapo ukifumua ukili huu, msala unakuwa wako peke yako, unasujudu bila goti wala vidole. Na yeye atarudiwa na yake yote. Baada ya hapo ukiugusa kwa mkasi, msala mzima unakufa. Mimi sikushauri lolote. Hili halijawahi kutokea, na uongo siujui."

"Hawezi kusuka wake?"

"Kwa vidole hivyo? Sijui hata huu mmoja aliusukaje."

*

Bi Sikudhani hakuwa mtu wa kukurupuka. Alirudi nyumbani akakaa barazani, akaanza kumtazama Bi Chiku, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, kama mtu anayetazama chungu kisichemke kikamwagika.

Akaona mengi ambayo macho yake yalikuwa yakiyapita. Akaona Bi Chiku anashika kikombe kwa viganja viwili, kamwe si kwa kishikio chake. Akaona kile kicheko chake kikubwa, ambacho mtaa mzima ulikijua, kinatoka wakati gani: anapokaa na anapoinuka. Anacheka kwanza, ndani ya kicheko anajiinua, na akishasimama kicheko kinaisha. Siku zote hizo! Watu walidhani ni furaha. Kumbe mwenzao alikuwa anafunika mguno.

Lakini tangu msala ushonwe, Bi Chiku alikuwa anainuka kimyakimya.

Alhamisi asubuhi akaja na sahani iliyofunikwa kwa kawa.

"Kula, Mzigua. Chapati."

"Umenunua kwa nani?"

"Nimenunua?" Bi Chiku akashika kiuno. "Mikono hii! Nimekanda, nimesukuma, nimechoma. Zile za siku zote nilikuwa nanunua, nakudanganya, na wewe unasifu tu, 'Chiku una mkono mwepesi.' Mwongo mkubwa wewe, unasifia mashine ya dukani!"

"Na leo imekuwaje?"

"Nimepata mafuta ya mbuni, nikayapaka." Akachezesha vidole vyake hewani kama anayepiga zumari. "Yananukia vibaya lakini yanafanya kazi."

Bi Sikudhani akamega. Chapati ilikuwa ngumu upande mmoja na mbichi upande wa pili. Akaila yote.

Adhuhuri akaswali, akashuka, na goti la Bi Chiku likaingia. Alipokuwa pale chini alijiuliza. Je, si haki yake? Ameililia sijida hii miaka. Ameisuka kwa mikono yake, kwa dua kila ukili. Mola hakumtaka mja ajitese. Hata kwenye kiti alimkubalia. Akifumua ule ukili, nani atamlaumu? Mtani aliutia kwa mzaha, mtani mwenzake atautoa kwa mzaha, wala Bi Chiku hatajua maumivu yamerudi kwa nini. Atadhani mafuta ya mbuni yamechacha.

Na akiuacha bila kusema? Hilo nalo lilimkaa vibaya. Itakuwa amemnunulia mwenzake nafuu gizani, na kila akimtazama atajiona mwema. Bi Sikudhani aliuogopa wema wa namna hiyo kuliko dhambi nyingine nyingi, kwa sababu hauna harufu.

Akaomba dua aonyeshwe njia. Hakuonyeshwa kitu. Goti tu ndilo lililoendelea kuuma.

*

Ijumaa, kabla ya alasiri, alibeba msala kwapani na mkasi mfukoni, akaingia uani kwa Bi Chiku. Mashine ya kufagia ilikuwa inamfukuza kuku, na Bi Chiku alikuwa anaishangilia kama yuko uwanjani.

"Mpe! Mpe huyo! Karibu, shoga. Mbona umevaa uso wa msibani? Nimekufa bila kuambiwa?"

"Kaa, Chiku."

"Nimekaa."

"Goti lako la kushoto linauma kwa ndani, chini ya kifuniko. Vidole vinaanza kuwaka kwenye maungio ya katikati. Na ukilala ubavu wa kulia, hulali."

Bi Chiku akafungua mdomo acheke. Kicheko hakikuja. Mashine ikampita miguuni, ikamnusa, ikaondoka zake.

"Nani kakuambia?"

"Ukili wako."

Akamweleza yote, bila kuficha na bila kupamba: mitungi miwili, mrija, zile swala tano, na jua la leo likizama. Akautandaza msala chini, akauweka mkasi juu yake.

"Kwa hiyo umekuwa ukiniingia mwilini kama mwizi?" Bi Chiku akasema mwishowe.

"Wewe ndiye uliyeingia kwenye kazi yangu kama mwizi. Mimi nilikukuta humo."

"Mimi nilitia mzaha! Rangi za mzaha!"

"Na mzaha wako ulikuwa na goti."

Bi Chiku akageuza uso kando. "Unajua kwa nini sikusema? Mnyamwezi akisema anaumwa, nyinyi Wazigua mnaanza kuchimba kaburi. Na wanangu wangekuja siku hiyohiyo, wanihamishie Tabora kwenye ghorofa, nitazamwe na mashine inayoniuliza kila saa kama nimekojoa. Mimi nataka kukaa hapa, nikutukane wewe mpaka nife."

"Nani kakuzuia?"

"Toa ukili wangu."

"Sitoi."

"Sikudhani, kata! Sikukuomba unibebee."

"Wala hukuniomba ruhusa kunitilia zambarau."

"Usinichekeshe, nimekasirika." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mimi nilikuwapo ulipokuwa unalia juu ya kile kiti. Nilikuwapo. Nilisuka ule ukili kwa siku nne, natupa, naokota, natukana, kwa sababu nilitaka siku ukifika chini na mimi niwe na kipande pale. Basi. Halafu nije nikuone unainuka umekunja uso kwa ajili ya goti langu, na mimi nimekaa nakula chapati? Hiyo si nafuu, hiyo ni aibu."

Bi Sikudhani aliona mwenzake ana haki yake kamili.

"Nisikilize," akasema. "Ningekata bila kukwambia, ningekuibia. Ningeacha bila kukwambia, ningekuibia pia. Ndiyo maana nimekuja na mkasi na mdomo. Sasa mkasi ni wako. Lakini na mimi niseme langu. Nilipokuwa kwenye kiti nilikuwa naomba sijida nyepesi. Nimepata nzito. Nimeipima siku zote hizi, naona ninaiweza. Goti lako linauma, lakini nalo ninashuka. Mgongo wangu peke yake haukunishusha kamwe."

Adhana ikapaa kutoka msikitini.

"Acha niswali," Bi Sikudhani akasema. "Nikimaliza, amua."

Akausogeza mkasi pembeni, akasimama, akafunga swala. Nyuma yake kuku alikuwa ametulia. Akarukuu. Akashuka. Paji likagusa ukindu, na goti likaja, likaja na vidole, kama mgeni mwenye mizigo mingi anayejua njia ya chumbani. Bi Sikudhani akalipokea.

Ndipo akasikia kwa nyuma pumzi ikitoka. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani akiwa ametoka nayo mbali. Hakuna mafuta ya mbuni yanayotoa pumzi ile. Akasabihi mara tatu. Akaongeza.

Alipotoa salamu ya kushoto, alimwona Bi Chiku ameshika mkasi.

Bi Chiku alipiga magoti kwenye ukingo wa msala, akauinamia ukili wake. Ncha ya mkasi ikaingia kwenye zambarau. Bi Sikudhani alitaka kusema, akauma ulimi. Ahadi ni ahadi. Mkasi ukalia, na kipande kidogo cha ukindu kikaruka, kidogo kama ukucha. Kikaruka kingine. Bi Chiku alikuwa anapunguza ncha zilizochomoza, zile ambazo kila msukaji hukata mkeka ukishakamilika.

"Kazi gani hii ya Kizigua," akanung'unika, "manyoya kila mahali kama mbuzi wa Maulidi."

Alizunguka msala wote kwa magoti yake mwenyewe, nyeusi na nyeupe na rangi zake, mpaka hapakubaki ncha. Jua lilikuwa linaanza kuzama, vilele vya Usambara vimewaka, alipomaliza. Ukindu ukaanza kujikaza, ukatoa milio midogo, kama kuni kavu zinapoanza kushika moto. Kisha ukanyamaza. Umekomaa.

Bi Chiku akapangusa mabaki, akampa shoga yake mkasi bila kumtazama.

"Magharibi hiyo inaingia," akasema.

"Naiona."

"Basi leo," Bi Chiku akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "refusha kidogo sijida."